Mgeni wa Mageti Mawili

 

Nianze na kisa. Mwaka juzi nilikwenda kumwona rafiki yangu katika jengo moja la ofisi hapa Dar es Salaam, jengo lenye uwanja mpana na mageti mawili. Niliingilia geti la barabara kubwa. Mlinzi akanisogezea daftari, nikaandika jina, namba ya simu, ninakwenda kwa nani, na saa niliyofika. Akachukua kitambulisho changu, akakitia kwenye kisanduku, akanipa kadi ya mgeni namba 17. Nikafanya yaliyonipeleka. Saa kumi na moja jioni, wakati wa kuagana, rafiki yangu akaniambia, "Pita geti la nyuma, daladala ziko pale pale."

Geti la nyuma nikamkuta mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio ndogo inanong'ona pembeni yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kadi?"

Nikampa. Akaigeuza, akafungua daftari lake, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Akafunga daftari.

"Kumi na saba kwangu hakuna."

"Niliingilia mbele, mzee."

"Basi katokee mbele."

Nikaanza kumbembeleza, mara jua linazama, mara mguu unauma. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ila jina lako kwangu halimo."

Nikauzunguka uwanja mzima kurudi nilikotoka. Na njiani nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sababu wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimekesha usiku mbili nikihangaika na mgeni wa namba 17 mwingine. Huyo hakuwa mtu. Alikuwa pakiti ya data, na mageti yake mawili yalikuwa rauta.

Mada yetu leo, msikilizaji, ni hiyo. Katika mitandao ya siku hizi, ile inayojengwa kwa programu, nini kinatokea ukiunganisha rauta mbili, tatu au zaidi kwenye kipande kimoja cha mtandao? Linasikika kama swali la mafundi waliojifungia chumbani. Lakini kama umewahi kukaa mbele ya dirisha la huduma ukaambiwa "mtandao uko chini", na huku taa zote za mitambo zinawaka kijani, huenda lilikuwa swali lako pia.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kipande cha mtandao ni uwanja mmoja ambamo kompyuta zinasikiana moja kwa moja. Ikiita moja, zote zinasikia. Swichi ndiyo inayoufanya uwanja huo. Rauta ni geti: chochote kinachotaka kutoka uwanja huu kwenda uwanja mwingine kinapita kwake.

Zamani rauta ilikuwa sanduku la chuma. Ukitaka ya pili, uliandika barua ya kuomba fedha, ukasubiri zabuni, ukasubiri mzigo utoke bandarini, ukamtafuta fundi wa kuvuta nyaya. Hadi siku inawashwa, watu watatu walikuwa wameshauliza, "Hivi hii tunaihitaji kweli?" Ule mzunguko ulituudhi sana. Lakini, tukisema ukweli, ulikuwa breki.

Leo breki hiyo imeondoka. Seva moja inabeba ndani yake makumi ya mashine pepe, yaani kompyuta zilizotengenezwa kwa programu, na kati yake zimo swichi na rauta ambazo hazina chuma wala taa. Ni maandishi kwenye hifadhidata. Mafundi huziita rauta za kimantiki. Safari ya teknolojia hii si ndefu. Kampuni ya Nicira ilianzishwa Marekani mwaka 2007 na Martin Casado pamoja na walimu wake, Nick McKeown na Scott Shenker. Kutoka kwao ikaja Open vSwitch mwaka 2009, swichi ya programu ambayo yeyote anaweza kuichukua bure. Mwaka 2012 kampuni ya VMware ikainunua Nicira kwa zaidi ya dola bilioni 1.2, na mwaka uliofuata ikatoa NSX, mtambo wake wa mitandao hii ya programu. Mwaka 2015 watu wa Open vSwitch wakatangaza mradi mwingine, OVN, ambao leo unabeba mitandao ya mawingu mengi yaliyojengwa kwa programu za OpenStack na Kubernetes.

Ndani ya OVN, fundi anaandika anachotaka kwenye hifadhidata inayoitwa ya kaskazini: nipe swichi hii, nipe rauta ile, ziunganishe. Programu moja inayatafsiri maandishi hayo kuwa kanuni na kuziweka kwenye hifadhidata ya kusini. Kisha kila seva ina karani wake anayesoma kanuni hizo na kuzipanga kwenye Open vSwitch ya seva hiyo. Matokeo yake ni kwamba rauta moja inaweza kuwapo kwenye kila seva kwa wakati mmoja. Mashine pepe mbili zilizo seva moja zikiongea kupitia rauta, pakiti haitoki hata nje ya seva. Geti limewafuata wapangaji mlangoni.

Nafasi nayo si tatizo. Ule utaratibu wa zamani wa VLAN ulikuwa na namba 4,094 za kugawa vipande, basi. VXLAN, utaratibu mpya zaidi uliochapishwa mwaka 2014, ukafikisha namba zaidi ya milioni 16, na ule wa Geneve wa mwaka 2020 ukafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo, msikilizaji, hakuna bei inayokuzuia wala namba zinazokuishia. Kutengeneza rauta ya pili ni kazi ya kufumba na kufumbua. Na kinachopatikana kwa kufumba na kufumbua hakiulizwi maswali.

Sasa, je, rauta mbili zinaweza kukaa kwenye kipande kimoja? Wahenga wanatuambia fahali wawili hawakai zizi moja. Nawaheshimu wahenga, lakini kwenye zizi hili fahali wanakaa, tena kwa amani.

Tuchukue mfano. Uwanja wetu una anwani zinazoanza na 10.20.0. Rauta ya kwanza, tuiite A, ina anwani inayoishia na 1. Rauta ya pili, B, inaishia na 2. Seva ya mahesabu inaishia na 50. Seva ikitaka kumfikia A, inapiga kelele uwanjani, "Nani mwenye 10.20.0.1?" A anajibu, "Ni mimi, nifuate mlango huu." B amesikia lakini hakuitwa yeye, ananyamaza. Utaratibu huo wa kuitana unaitwa ARP, aliuandika David Plummer mwaka 1982, na hadi leo mitandao inayotumia anwani za aina hiyo inauishi. Kila mtu na jina lake, hakuna ugomvi.

Ugomvi wa fahali unakuja pale tu majina yanapogongana: rauta mbili kudai anwani ile ile, au kunakili rauta kutoka nyingine na kusahau kubadili ile anwani ya mlango, MAC. Hapo leo pakiti inakwenda huku, kesho kule, na utamlaumu kila mtu isipokuwa kidole chako kilichonakili.

OpenStack inajaribu kukukinga na hilo. Anwani ya geti ya kipande hupewa rauta ya kwanza kuunganishwa. Ukija na ya pili, lazima kwanza uitengenezee mlango wenye anwani nyingine, ndipo uiunganishe. Wengi huona usumbufu. Mimi naona kama mlinzi anayekuuliza, "Una uhakika?" NSX nayo inakuzoesha kuunganisha kipande na lango moja. Mitambo hii imetengenezwa na watu walioumwa na nyoka.

Na hapa nitoe tahadhari kwa wale wanaosema, "Mbona VRRP ipo?" Kweli ipo, tangu 1998. Inaziwezesha rauta mbili au zaidi kushika jina moja kwa zamu. Mmoja anakuwa bwana, anatangaza kila sekunde moja kwamba yu hai. Akikosa kusikika mara tatu hivi, wa akiba anachukua jina na kuendelea. Ni jambo zuri sana, lakini ni mageti mawili ya barabara moja: hili likifungwa unapita lile, unafika kule kule. Sisi tunazungumzia mageti yanayotokea barabara tofauti. A anakwenda kwenye intaneti, B anakwenda kwa matawi ya mikoani. Hapo VRRP haina la kusema.

Kama fahali hawagombani, nani anaumia basi? Anaumia mkaaji wa uwanjani, ile seva. Kwa sababu kompyuta ya kawaida haijui ramani. Inajua majirani zake wa uwanjani, na inajua geti moja la kutokea. Chochote kisicho cha hapa, kipeleke kwa A. Huo ndio ujuzi wake wote wa dunia. Ukimwongezea geti la pili bila kumfundisha, unamtia kwenye kile kisa kingine cha wahenga: njia mbili zilimshinda fisi.

Nikusimulie zile usiku mbili nilizokesha. Kazini kwetu kwa wakati huo, mahali ambapo sitapataja, tulikuwa na seva ya mahesabu kwenye kipande chenye rauta moja, A, na kwenye A ulikuwepo ukuta wa moto (firewall), mlinzi anayeandika wageni daftarini. Matawi ya mikoani yakahitaji kuifikia seva. Mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, akaona njia fupi: tengeneza rauta B, upande mmoja iguse mikoa, upande mwingine iguse uwanja wa seva. Dakika tano. Nikapiga pingi, ule mwito mfupi wa kupima kama kompyuta inafikika, kutoka tawini hadi kwenye seva, ikaitika. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula.

Asubuhi mhasibu wa tawi akapiga simu. "Kaka, programu haifunguki. Inazunguka tu." Nikamjibu kwa kiburi cha kifundi, "Mtandao uko sawa, mama, pingi inapita." Akanijibu, "Sasa mimi nitalipia mishahara kwa pingi?"

Msikilizaji, tusikilize kilichokuwa kikitokea. Mawasiliano ya programu kama ile huanza kwa adabu tunayoijua wote. Mgeni anasema, "Hodi." Mwenyeji anajibu, "Karibu." Mgeni anasema, "Naingia." Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Hodi ya tawini iliingia kupitia B, ikafika kwenye seva salama. Seva ikataka kujibu karibu. Ikatazama anwani ya mgeni: huyu si wa uwanjani kwetu. Wasio wa uwanjani wanapelekwa wapi? Kwa A. Karibu ikaenda kwa A. Ukuta wa moto wa A ukafungua daftari lake. Kuna mtu aliyebisha hodi hapa? Hakuna. Sasa hii karibu inamjibu nani? Ikatupwa. Jina lako kwangu halimo.

Na pingi je? Pingi ilipita kwa sababu miaka ya nyuma mtu alikuwa ameandika kwenye ukuta ule kwamba pingi zote ziruhusiwe bila kuandikwa daftarini, na A alikuwa anajua njia ya kumrudishia B. Ndiyo maana taa zote zilikuwa za kijani na mishahara ilikuwa haijalipwa. Ilinichukua usiku mbili kwa sababu kila nilipopima, nilipima njia ya kwenda. Usiku wa pili ndipo nilipokaa kwenye mlango wa seva nikatazama pakiti moja moja. Hodi ilikuwa inaingia na anwani ya mlango wa B. Karibu ilikuwa inatoka ikiwa imeandikwa mlango wa A. Nilijiona mjinga. Na nilikuwa mjinga.

Dawa zipo, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kumfundisha mkaaji. Unaiandikia seva: mitandao ya mikoani inapitia B, mengine yote A. Kwa seva moja ni sawa. Kwa mashine 200 zinazozaliwa na kufa kila siku, utaajiri mtu wa kazi hiyo. Unaweza kuzigawia njia hizo kupitia DHCP, ile huduma inayozipa kompyuta anwani. Ipo nafasi namba 121 iliyowekwa kwa ajili hiyo tangu 2002. Ila ina mtego: kompyuta ikishapewa orodha hiyo, inatakiwa isisikilize tena ile nafasi ya kawaida inayotaja geti kuu. Usipoliandika geti kuu humo humo ndani ya 121, umezipa mashine zako njia ya mikoani na kuzinyang'anya intaneti. Mafundi wengi wameujua mtego huu siku ya Jumatatu asubuhi.

Ya pili ni kumwacha A amwelekeze mkaaji. Pakiti inafika kwa A, A anairudisha uwanjani kwa B, na kumnong'oneza mkaaji, "Safari nyingine mfuate B mwenyewe." Minong'ono hiyo ipo kwenye kanuni za intaneti tangu 1981. Lakini mtu mbaya naye anaweza kunong'ona, na ndiyo maana miongozo mingi ya usalama inashauri kompyuta zizibe masikio. Isitoshe, kama A ana daftari, karibu inatupwa kabla minong'ono haijaanza.

Ya tatu ni B kumbadilisha mgeni jina mlangoni. Kila anayetoka mikoani anaingia uwanjani akiwa amevaa anwani ya B. Seva inaona jirani yake wa uwanjani, inamjibu moja kwa moja, jibu linarudi kwa B. Inafanya kazi, tena leo hii. Lakini sasa kwenye kumbukumbu za seva, Mwanza, Mbeya na Tanga wote ni mtu mmoja. Siku mkaguzi akija kuuliza nani aliingia saa nane usiku, utamjibu, "Ni geti."

Ya nne ndiyo niliyoichagua, na ndiyo kiini cha mazungumzo yangu leo. Usizikutanishe rauta mahali wanapokaa wakaaji. Zijengee uwanja wao. Kipande kidogo, hata cha anwani nane tu kinatosha, ambamo hamna seva, hamna mashine ya mtumiaji, hamna printa. Rauta peke yake. B nikamtoa kwenye uwanja wa seva, nikamhamishia kwenye uwanja huo mdogo pamoja na A. Seva ikabaki na geti moja kama ilivyozoea. Hodi ya tawini sasa inafika kwa B, B anaipitisha kwenye uwanja mdogo kumpa A, A anaandika daftarini, anaiingiza. Karibu inatoka kwa A, A anaona jina limo, anampa B, B anairudisha mikoani. Seva haijui hata kama B amezaliwa.

Utaniuliza, huoni umeongeza safari, rauta mbili badala ya moja? Kwenye ulimwengu wa chuma ungekuwa umenibana. Lakini kumbuka, rauta ya kimantiki iliyosambazwa iko kwenye kila seva. Kupita rauta mbili maana yake ni kupita kurasa mbili za kanuni ndani ya Open vSwitch ile ile. Bei ipo, lakini ni ndogo mno ukiilinganisha na usiku mbili za mtu mzima.

Wala sikugundua kitu kipya. Mtandao wa OVN ndani ya Kubernetes ulijengwa hivyo hivyo: kila seva ilipewa rauta yake ya kutokea nje, ikawekwa rauta moja kubwa ya ndani, na zote zikakutana kwenye swichi moja ya maungio isiyo na mkaaji yeyote. Anwani za uwanja huo kwa kawaida huanza na 100.64, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya ndani ya watoa huduma, ili zisigongane na anwani za wenyeji.

Tena, msikilizaji, uwanja wa namna hii tunao hapa Afrika Mashariki kwa miaka zaidi ya 20, na una historia. Mwishoni mwa mwaka 2000, watoa huduma za intaneti wa Kenya, kupitia umoja wao TESPOK, walifungua Nairobi kituo kinachoitwa KIXP. Kabla yake, barua pepe kutoka mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda kwenye setilaiti, kilomita kama 36,000 juu, ikaenda kukutania bara jingine, kisha ikarudi. Nyaya za baharini zilikuwa bado, tulikuja kuziona mwaka 2009. Na dawa ya watoa huduma hao ilikuwa nini? Swichi. Kila kampuni ilete rauta yake, zote zichomekwe uwanja mmoja, zipeane pakiti pale pale. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee wakati huo, ikalalamika, na baada ya wiki chache tu mdhibiti akakifunga. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Dar es Salaam nayo ikapata chake, TIX.

Tazama nani anaishi kwenye uwanja ule. Rauta za kampuni zinazoshindana kibiashara, zimekaa bega kwa bega, na hazipigani. Kwa nini? Kwa sababu hakuna asiyejua ramani. Kila rauta inatangaza kwa wenzake kwa lugha yao, BGP, "Mitandao hii ni ya kwangu, za huko nipeni mimi," na inasikiliza matangazo ya wengine. Pale njia ya kwenda na ya kurudi zinaweza hata kutofautiana, na haidhuru, kwa sababu kwenye uwanja wa rauta hakuna daftari la wageni. Daftari liko ndani zaidi, kwa kila kampuni, mahali ambapo kwenda na kurudi vyote vinapita.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba uwanja wa rauta hauna shida zake. Watu wakizidi, kelele zinazidi. Zikitumia OSPF, itifaki nyingine ya kupeana ramani, rauta kumi zikitaka kila moja iongee na kila nyingine, ni mazungumzo 45. Ndiyo maana OSPF inazilazimisha zichague mwenyekiti na makamu wake, wengine wote waripoti kwao, kama kikao chochote chenye akili. OVN nayo ilionja hili. Mawingu yalipokuwa na mamia ya rauta za wateja kwenye kipande kimoja cha kutokea nje, kila kelele ya ARP ilikuwa inanakiliwa kwa kila rauta, zote ziamke zisikie anaitwa mwingine. Open vSwitch ina kikomo cha kujirudia 4,096 kwa pakiti moja. Uwanja ukijaa, kikomo kinafikiwa, pakiti inatupwa. Baadaye wakarekebisha: kwa kuwa hifadhidata tayari inajua nani ana anwani ipi, kelele ipelekwe kwa mwenyewe tu. Wameigeuza kelele kuwa barua.

Msikilizaji, muda unatutupa mkono. Kama unasimamia mtandao, wa benki, wa chuo, wa hospitali, nina ombi moja. Siku utakapovutwa kuongeza rauta ya pili mahali wanapokaa watu, na utavutwa, maana ni dakika tano, usiulize kama pakiti itafika. Itafika. Uliza ikijibiwa, jibu litapita wapi, na njiani kuna daftari la nani.

Pale kazini tulianza utaratibu. Mtu akitaka rauta mpya, analeta mchoro wenye mistari miwili: wa bluu unaonyesha kwenda, wa rangi nyekundu unaonyesha kurudi. Bluu kila mtu anauchora haraka. Kwenye nyekundu, kalamu inasita. Vijana wengi wameondoka mezani kwangu na karatasi yao, wakaenda kuufikiria upya, kabla sijasema neno.

Na mimi nikienda tena kwenye jengo la rafiki yangu, natokea nilikoingilia. Ila kabla ya kuondoka huwa nazunguka nyuma, nampa yule mzee shikamoo yake, kisha narudi geti la mbele kuchukua kitambulisho changu.